Pungufu ya Nne

Nilimfukuzisha mtu kazi kwa maneno machache, tena nikiwa na andazi mkononi. Nilisema, "Kompyuta haikosei. Anayekosea ni mtu." Nilisema hivyo mbele ya mratibu wa ofisi na mbele ya karani mwenyewe, kisha nikamalizia chai yangu.

Hii ilikuwa Mpanda, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa binti wa Kikonongo wa miaka ishirini na sita, nimerudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha kompyuta, na katika mji mzima sikumjua mtu mwingine aliyeweza kuifungua mashine ile na kuifunga bila kubakiza skrubu mezani. Najua sasa kwamba hilo halikuwa jambo kubwa. Wakati ule nilijisikia sana. Watu wakichelewa kunielewa nilipandisha sauti, na wakinielewa nilichoka nao.

Ofisi ilikuwa ya kanisa, vyumba vitatu vya bati karibu na stesheni. Kazi yetu ilikuwa kugawa majembe na mbegu kwa familia zilizokimbia vita Burundi na kupokelewa na ndugu zao waliokuwa kwenye makazi ya wakimbizi tangu zamani. Vijiji vya makazi viliitwa kwa namba, kuanzia cha kwanza hadi cha kumi na sita. Karani alikwenda kwa baiskeli kijiji kwa kijiji, akajaza fomu moja kwa kila familia, kisha akarudi kuziingiza kwenye kompyuta. Kompyuta ilitoa orodha, na lori lilipakia na kushusha kwa kufuata orodha hiyo. Aliyeandikwa kijiji cha sita, jembe lake lilishushwa kijiji cha sita. Asiyeonekana kwenye orodha ya kijiji chake aliazima jembe kwa jirani, jirani akishamaliza kulima.

Karani alikuwa mtu wa huko huko makazini. Alivuka mpaka akiwa mvulana, akimfuata mama yake, akasomea makazini, akaoa makazini, mke wa kijiji cha pili. Kuishi mjini kulihitaji kibali, na kibali chake kilitolewa kwa barua ya ofisi yetu. Kazi ikiisha, kibali kinaisha, na yeye na mkewe na watoto wanarudi walikotoka. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi. Nilimwita kaka, naye aliniita dada. Mkewe nilimwita wifi, na ugali wake nimeula mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Tabia yake moja ilinikera. Alibonyeza tarakimu kwa kidole kimoja, akainua macho kutazama kioo, akarudi kwenye fomu na kuigusa ile tarakimu kwa kidole cha mkono wa pili, ndipo akaenda kwenye inayofuata. Familia moja ilimchukua dakika tano. Nilimwambia, "Kaka, hiyo siyo Biblia, ni orodha ya majembe." Alicheka, akaendelea vile vile.

Programu ya orodha niliiandika mimi nikiwa bado Dar, kwenye mashine ya mwalimu wangu, nikaja nayo kwenye disketi. Niliipenda kupita kiasi. Karani alipouliza fomu zikishaingizwa tuzifunge kamba tuziweke wapi, nilimjibu kwamba ofisi yenye kompyuta haiweki takataka. Akasema, "Lakini dada, karatasi ndiyo tuliyoandikia tukiwa na mwenyewe mbele yetu." Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani. Kina mama waliouza karanga stesheni wakaanza kuja Ijumaa kuchukua fomu zetu za kufungia. Niliwapa kwa mkono wangu, na wakanishukuru.

Mwezi wa tisa, joto lilipoanza kuchachamaa na orodha ikiwa imerefuka, yalianza kutokea mambo ya ajabu. Familia kadhaa zilionekana zinakaa kijiji cha sifuri. Mratibu alicheka, akauliza kijiji hicho ndicho kipi, tukiendee. Mimi sikucheka. Niliamini karani amechoka au anasinzia baada ya chakula, maana makosa yalitokea mchana. Ofisi yetu haikuwa na disketi za kuandikia programu, hivyo nilipanda treni hadi Tabora, nikaomba mashine ya shule moja, nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: ikikuta sifuri, ikatae na kudai namba iandikwe upya. Niliporudi nikamwonyesha. Sifuri ikatokea, programu ikaikataa, akaandika tena kwa kidole chake kile kile, ikakubali. Nikamwambia, "Umeona? Ukiwa makini inakubali."

Akatazama mikono yake. Alisema, "Basi nitakuwa makini zaidi."

Majembe yaligawiwa mwezi uliofuata. Siku mbili baada ya lori kurudi, watu wa kijiji cha sita walifika ofisini kwa miguu, kumi na wawili, wamekaa barazani tangu asubuhi. Familia kumi na tisa za kwao hazikuitwa. Mratibu akachapisha orodha, na zote kumi na tisa zilikuwemo, ila zimeandikwa kijiji cha pili. Majembe yao yalishushwa kijiji cha pili, kwa wakwe wa karani, na huko yalikuwa yameshagawanywa kwa yeyote aliyejitokeza.

Mtu hahitaji kwenda shule kuona hapo watu watafikiri nini. Mratibu alituita wote wawili wakati wa chai. Karani alisema aliandika sita. Alisema anazikumbuka zile familia, anakumbuka mpaka nyumba. Mratibu akanigeukia akaniuliza kama mashine inaweza kugeuza namba yenyewe. Hapo ndipo nilipotoa yale maneno yangu.

Alisimamishwa siku hiyo. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi saba zilizokunjamana, zina mafuta na chembe za maganda mekundu. Alikuwa amezunguka stesheni na sokoni akinunua karanga, anazimimina mfukoni na kukunjua karatasi, mpaka akapata fomu zake saba. Zote saba zilikuwa za familia zile, na zote zilisema kijiji cha sita. Alizipanga mezani kwa mratibu, akizilainisha kwa kiganja. Mratibu alizitazama, akaniuliza ninasemaje. Nikasema, "Mwandiko ni wake mwenyewe. Fomu tupu ziko kabatini, na ufunguo alikuwa nao." Sikusema kwa chuki. Nilisema kwa sababu nilikuwa hodari na nilipenda kuonekana hivyo.

 Karani alizikusanya zile karatasi moja moja na kutoka nazo. Mwisho wa mwezi kibali kilikwisha, na nilimwona mkewe amekaa juu ya mizigo nyuma ya gari la kubeba tumbaku, watoto wamembana pembeni. Nilimpungia mkono na hakuniona, au aliniona.

Mwezi mmoja na zaidi baada ya hapo mratibu aliniagiza niweke kufuli kwenye programu: mtu asiweze kugusa namba bila neno la siri, ili mchezo ule usirudiwe. Ilikuwa kazi kubwa kuliko ule mstari wa sifuri, siyo ya kuombea mashine ya watu, kwa hiyo niliagiza zile disketi za kuandikia programu, na kwa mara ya kwanza ikabidi niijenge pale pale Mpanda, kwenye kompyuta yetu.

Nieleze kidogo, kwa asiyejua. Mwandishi wa programu huandika maneno na alama ambazo mtu anaweza kuzisoma. Mashine haizielewi mpaka programu nyingine izisome faili kwa faili na kuzigeuza, kisha izishone zote kuwa kitu kimoja. Huko ndiko kuijenga, na sisi tulisema kukompaili. Yangu ilikuwa na faili kumi na nne. Ukikosea alama, ujenzi unasimama na kukuonyesha faili na mstari wenye kosa. Unarekebisha, unaanza tena.

Siku ya kwanza, saa nane mchana, ujenzi ulisimama kwenye faili la tatu. Nikasoma mstari ulioonyeshwa, sikuona kosa. Nikaanza tena bila kugusa kitu, ukapita la tatu, ukasimama la tisa. Nikaanza tena, ukasimama la tano, na safari hii ulilalamikia neno ambalo sikuwahi kuliandika maishani. Niliwatuhumu wote niliowajua. Nilisema ni umeme wa mji, maana jenereta za mji zilikuwa zinakohoa siku zile. Nilisema ni vumbi, nikaifungua mashine nikaipuliza mpaka kichwa kikaniuma. Nilisema ni virusi. Siku ya nne nilisoma programu yangu yote, mstari kwa mstari, kwa kidole kimoja kwenye kioo na kingine kwenye karatasi, na sikujitambua nilikuwa nakaa kama nani.

Asubuhi ya siku ya tano nilijaribu mapema kabla bati halijashika moto, na programu ikajengwa hadi mwisho bila neno. Nikafurahi. Saa saba nikairudia ili nihakikishe, ikafa kwenye faili la pili.

Nilikwenda posta kumpigia mwalimu wangu Dar. Ulikuwa unaandikisha namba, unakaa kwenye benchi mpaka uitwe, na ukiitwa unapiga kelele ndani ya kibanda huku waliobaki kwenye benchi wakisikia shida zako zote. Nilimweleza. Aliuliza swali moja tu.

"Hilo kosa linakaa au linahama?"

"Linahama, mwalimu."

"Kosa lako wewe lingekaa palepale. Mashine yako ina memori mbovu. Toa kipande kimoja kimoja uone."

Nilirudi kwa miguu, nikapita mbele ya kina mama wa karanga bila kuwasalimia. Memori ya kompyuta ile ilikuwa vipande vinne vyembamba, urefu wa kidole cha kati, vimechomekwa kwa mstari. Humo ndimo vinamokaa vitu vyote wakati mashine inafanya kazi, kabla ya kuandikwa kwenye diski. Siku tatu mfululizo, mchana wa jua kali, madirisha nimeyafunga makusudi ili joto lizidi, nilichomoa kipande kimoja, nikajenga, nikakirudisha, nikachomoa kingine. Bila kipande cha kwanza ujenzi ulikufa. Bila cha pili ulikufa. Bila cha tatu ulipita. Nikarudia mara tano, ukapita mara tano. Nikakirudisha cha tatu, ukafa.

Hapo ningeweza kukitupa kipande hicho, nikajipongeza, nikaweka kufuli la mratibu. Natamani wakati mwingine ningefanya hivyo. Lakini nilitaka kujua kinaharibu vipi, kwa ule udadisi wangu wa kujionyesha. Nikaandika programu fupi ya kujaza memori kwa tarakimu moja kila mahali, kisha kuisoma tena. Nilijaza tisa, nikasoma tisa. Nane, nikasoma nane. Nilijaza saba, na katika eneo fulani la kile kipande zilirudi tatu. Nikajaza sita, zikarudi mbili. Tano zikarudi moja. Nne zikarudi sifuri. Tatu, mbili na moja zilirudi salama.

Ndani ya mashine kila tarakimu hushikwa na vijiswichi vidogo, kimoja cha thamani ya moja, kimoja cha mbili, kimoja cha nne, kimoja cha nane. Kwenye eneo lile, kikipata joto, kijiswichi cha nne kilikuwa hakiwaki. Namba yoyote yenye nne ndani yake ilitoka ikiwa pungufu ya nne. Orodha ilipokuwa fupi haikufika eneo hilo. Iliporefuka ikafika, na kila mchana ikanyofolewa, karani akiwa ameshaiona sawa kwenye kioo.

Nilikaa. Sikuhitaji kuambiwa, lakini nilikwenda kabatini nikatoa faili la shauri la karani, nikasoma malalamiko yote, siyo ya kijiji cha sita peke yake. Kijiji cha saba walilalamika familia zao zimepelekwa cha tatu. Cha tano, zimepelekwa cha kwanza. Cha kumi na sita, zimepelekwa cha kumi na mbili. Barua hizo zilikuwemo failini muda wote. Hakuna aliyezijali, kwa kuwa huko karani hakuwa na wakwe. Na zile sifuri nilizomlaumia karani zilikuwa za kijiji cha nne, mashine yenyewe ilikuwa inatuambia, nami nikaandika mstari wa kuinyamazisha. Nilibeba faili lile na kile kipande, nikaenda kwa mratibu. 

Mratibu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga. Aliuliza kama mashine sasa ni nzima. Nikasema ni nzima, nimekitoa kipande.

"Basi tuendelee."

"Na kaka yetu?"

"Ripoti imeshakwenda kwa wafadhili, na imeandikwa tumegundua udanganyifu na tumechukua hatua. Nikiandika kwamba tulikosea, mwakani hapatakuwa na jembe hata moja. Unataka hivyo?"

Niligombana naye mpaka watu wakatoka vyumba vingine. Niliandika barua ya kurasa mbili kueleza kila kitu, nikaiweka mezani kwake. Aliifungua droo, akaiweka humo, akafunga droo.

Jumamosi yake nilichukua baiskeli nikaenda makazini, kipande kile nimekifunga kwenye leso. Nilimkuta karani nyuma ya nyumba, anachonga mpini. Alikuwa amekonda. Aliniletea kigoda, akaniuliza habari za mjini, akaniuliza habari za wazazi wangu. Mkewe alikuwa upande wa pili wa ua, anaanika muhogo juu ya mwamba. Alinisalimia kwa mbali, akaendelea na kazi yake.

Nilimweleza karani yote. Nilifungua leso nikamwonyesha kipande. Hakukigusa. Alikiinamia kukitazama, akauliza, "Nilikuwa naandika sita?"

"Ulikuwa unaandika sita."

"Maana nilishaanza kujitilia shaka. Nilikuwa naota naandika mbili."

Nikamwambia nitasimama popote atakapo nikaseme. Nitasimama kanisani kwao Jumapili inayofuata, mbele ya kijiji cha pili na cha sita. Alitikisa kichwa. Ndipo aliponieleza kilichotokea baada ya kurudi. Kanisa lilimtenga. Watu wa kijiji cha sita walikataa kuteka naye maji kisima kimoja, na wakwe zake walikataa kumpa shamba la kulima, kwa kuwa aliwafanya waonekane wapokea wizi. Kwao kuna njia moja tu ya kurudishwa kundini. Unasimama mbele ya kusanyiko, unataja dhambi kwa jina lake, unaomba msamaha, na baada ya hapo mtu haruhusiwi kuikumbusha. Alivumilia wiki tano. Wiki ya sita alisimama, akasema kwamba aliiba majembe ya familia kumi na tisa akawapa wakwe zake. Walilia, wakamwombea, wakampa mkono. Wakwe walimpa shamba, siku ya pili yake.

"Sasa dada, ukisimama useme sikuiba," alisema, "watasema nilidanganya mbele za Mungu. Hiyo sina pa kuitubia. Acha."

Nilisema sawa, nitaacha. Nitasema na hili: nilipata nafuu. Niliona nimeponea kusimama mbele ya watu wale na kusema mimi ndiye. Nafuu ile naionea aibu kuliko yale maneno ya wakati wa chai.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie huyu peke yake." Akaelekeza kidevu kwa mkewe.

Nilivuka ua. Nilimweleza wifi nikiwa nimesimama, yeye ameinama anageuza vipande vya muhogo. Nilieleza vibaya, nikachanganya joto na namba na karanga, mwishowe nikasema kwa kifupi kwamba mumewe aliandika sawasawa tangu siku ya kwanza, mashine ndiyo iliyoharibu, na mimi ndiye niliyeitetea mashine.

Aliacha kugeuza muhogo. Aliuliza, "Hakuna hata familia moja aliyoihamisha?"

"Hakuna."

"Alikuwa ananiambia hivyo kila siku," alisema. "Tangu mjini, ananiambia. Mimi nikamwambia, kompyuta na dada msomi watadanganya, wewe ndiye usidanganye? Mimi ndiye niliyemwambia asimame atubu." Kisha akaketi chini palepale kwenye mwamba, juu ya muhogo wake, akajifunika uso kwa kitenge.

Mumewe aliweka mpini chini, akaja akaketi karibu naye.  Nilisubiri, kwa sababu kwetu mgeni hasimami akaondoka hivi hivi, huagwa na kusindikizwa hadi njiani. Nilisubiri sana. Halafu nikachukua baiskeli yangu mwenyewe, nikaikokota hadi barabarani.